Bibi Galila Amekunywa Chai

Kama kuna mtu aliyeamini Jumapili ile kwamba mbingu zinamtazama na kufurahi, basi ni Nashid mwana wa Zakhir. Alikuwa amesimama mbele ya kanisa lao mjini Mallawi, joho jeupe la ushemasi limepigwa pasi na mkewe mpaka mikunjo inakata, mshipi mwekundu begani, na vijana wamejaa hadi kwenye ngazi. Skrini inaonyesha maneno. Kamera inarusha ibada hewani. Hakuna anayesinzia, hakuna anayekohoa, hakuna anayeuburuza wimbo kama anavuta gunia la ngano. Shemasi mwenzake akapaza sauti, "Salimianeni ninyi kwa ninyi!" na kila mtu akamgeukia jirani, wakagusana viganja, kila mmoja akaubusu mkono wake mwenyewe kama ilivyo desturi. Nashid akagusana na wa kulia, akagusana na wa kushoto, akasema moyoni: kazi hii nimeifanya mimi, na ni nzuri.

Jamani, mtu akianza kujisifia ndani ya kanisa, ajue fimbo iko njiani.

Fimbo ilikuja baada ya ibada, kwa mkono wa Abuna Bisenti, kasisi wao, mzee wa ndevu nyeupe asiyejua kuzungusha maneno. Alikuwa mlangoni anagawa mikate ya baraka. Akamwekea Nashid kipande kiganjani, akauliza kama anayeuliza bei ya vitunguu:

"Hivi Bibi Galila anasali na nyinyi siku hizi?"

"Na sisi? Hapana, Abuna. Si yuko na wazee, alfajiri?"

"Alfajiri hayupo. Nilijua amewafuata vijana. Si unamjua, hapendi kukaa na wazee, anasema wananuka dawa ya kuchua."

"Mimi nilidhani..." Nashid akaishia hapo.

"Ulidhani yuko kwangu, nami nilidhani yuko kwako." Abuna akaacha kugawa mikate. "Tangu lini?"

Hakuna aliyejua. Labda tangu mfungo wa Bikira, wakati wa joto lile la kuchemsha ubongo. Na sasa walikuwa ndani ya mfungo wa Kuzaliwa kwa Bwana, watu wanavaa masweta mawili mawili. Waliokuwa wakitembelea wazee majumbani hawakugonga kwake, kwa kuwa walisikia amehamia kwa vijana. Waliokuwa wakitembelea vijana hawakugonga pia, kwa kuwa bibi wa miaka themanini na ushei hawezi kuitwa kijana hata kwa mzaha. Asiyekuwepo na lake halipo. Bibi Galila akaanguka katikati ya makundi mawili, na hakuna hata mtu mmoja aliyesikia kishindo.

Nashid akaufunga mkate kwenye leso, akautia mfukoni.

Sasa sikilizeni Bibi Galila ni nani kwake, mpate kuelewa. Nashid alizaliwa dhaifu, homa ikamshika kabla mama yake hajamaliza siku arobaini za uzazi. Mtoto ikabidi abatizwe haraka, na mama haruhusiwi kuingia kanisani mpaka siku zake zitimie, kwa hiyo alibaki nje akilia ukutani. Aliyembeba ndani ni jirani, Galila. Yeye ndiye aliyegeuka magharibi, akainua mkono wa kushoto, akamkana Shetani kwa niaba ya mtoto asiyejua hata kushika shingo. Kisha akageuka mashariki akakiri imani, pia kwa niaba yake. Neno la kwanza kabisa lililowahi kusemwa mbele za Mungu kwa ajili ya Nashid lilitoka kinywani mwa mama huyu wa ubatizo. Na hakuishia hapo. Alimfundisha kuitikia ibada, amekaa naye benchi la mbele upande wa wanawake kabla hajafikia umri wa kuhamia kwa wanaume, mfuko wa gauni umejaa dengu za kukaanga kwa ajili ya baada ya ibada. Akikosea, anafinywa sikio.

Ila sauti yake! Hapo tusidanganyane. Bibi Galila akiimba, anawahi. Kanisa zima bado linavuta pumzi, yeye keshaingia. Na kanisa likishamaliza, yeye bado yumo, anaivuta ile "Kirie eleison" ya kuomba huruma mwishoni mpaka mbuzi wa uani kwa jirani wanaitikia. Watu walimzoea, kama mtu anavyozoea mlango wake unaolia.

Kisha Nashid akaleta vipaza sauti na kamera. Nia yake ilikuwa njema, ndugu zao walioko ng'ambo waisikie ibada ya nyumbani. Lakini kipaza sauti kikampenda Bibi Galila kuliko mtu mwingine yeyote. Watu wakaandika kutoka huko waliko: huyo bibi ni nani, mbona anaimba peke yake? Binti wa Nashid, Yustina, ana kipaji cha kuigiza. Siku moja mezani akajifunga mtandio wa mama yake, akainua kidevu, akatoa sauti ile ile, anawahi, anavuta, anatetemesha. Nashid alicheka mpaka machozi. Akachukua simu. "Rudia," akasema. "Rudia tena, shingo iwe hivi." Akarekodi, akamtumia binamu yake, binamu akatuma kwingine, na haikupita wiki vijana wote wa mtaani wakawa wanasalimiana kwa sauti ya Bibi Galila.

Yustina alikuwa na miaka kumi na miwili. Nashid alikuwa na arobaini na mmoja. Kumbukeni hilo.

Baada ya hapo kanisani hakukukalika. Bibi akianza tu, benchi za vijana zinatikisika kwa kicheko cha kubana. Nashid akaona haya. Na mtu mwenye haya, badala ya kuikabili, huitafutia nguo nzuri aivalishe. Akaipeleka kwenye kamati ya kanisa ikiwa imevaa vizuri: tuwe na ibada mbili. Wazee wasali alfajiri, wapate kupumzika mapema. Vijana wasali saa mbili, kwa mwendo wao. Tuweke vijana mlangoni wawaelekeze watu. Kamati ikaitikia kwa vichwa, hata askofu akasifu. Hakuna aliyejua, isipokuwa Nashid na Mungu wake, kwamba mpango wote ule mkubwa ulikuwa wa kuhamisha mdomo mmoja kutoka kwenye kipaza sauti.

Basi alipoulizwa na Abuna, aliahidi kwenda kumwona siku hiyo hiyo. Hakwenda. Jumatatu ana kazi, Jumanne anaumwa kichwa, Jumatano gari halina mafuta, na nyumba ya Bibi Galila ni mwendo wa kutembea tu. Ijumaa asubuhi mkewe, Marsel, akamwekea kofia mkononi.

"Nenda. Na uende na Yustina, asije akakua anajua kucheka tu."

Walipofika kichochoroni walisikia kabla ya kugonga. Ibada ya Ijumaa ilikuwa ikirushwa kutoka kanisani, ikatoka dirishani kwa sauti nyembamba ya simu, na juu yake, nene na kamili, sauti ya Bibi Galila. Aliwahi. Akavuta. Hakuna aliyemcheka, maana hakuna aliyekuwepo. Yustina akaziba mdomo kwa kiganja, na Nashid alipomtazama akaona hacheki.

Akagonga.

"Nani? Aaa, Nashid! Nilidhani mtu wa mita ya gesi, maana huyo huja angalau." Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Umenenepa. Mfungo gani huu, wenzio wanakonda, wewe shavu linaongezeka? Na huyu ndiye Yustina? Pita mama, pita. Umekuwa mrefu. Utamzidi baba yako na akili, si kazi kubwa."

Alikuwa mzima. Amepinda mgongo kidogo, lakini macho yale yale. Aliwamiminia chai, akawawekea mkate na maharage yaliyotiwa mafuta na bizari, simu yake imeegemezwa kwenye kopo la sukari, ibada inaendelea. Nashid alikuwa amejiandaa kumkuta kitandani. Huruma yote aliyokuja nayo ikakosa pa kuwekwa.

"Bibi, vijana wanakuulizia sana," akasema.

"Wananiulizia?"

"Sana."

"Waambie nipo. Sijahama." Akaichukua simu, akaibonyeza kwa kidole kimoja kama anayejaribu joto la pasi. "Ngoja. Mtoto wa jirani amenionyesha kitu."

Na ikatoka pale mezani: sauti ya Yustina, kidevu juu, "Kirie eleee-", na nyuma yake mwanamume anacheka. Anacheka kwa raha, bila breki.

Bibi akaiweka simu chini. Uso haukuonyesha lolote.

"Nani huyu?"

Nashid alikuwa na nafasi pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kicheko kile ni chake, bibi huyu alikisikia kabla hajaota meno. Lakini ulimi, kiungo kisicho na mfupa, ukateleza.

"Ni watoto, Bibi," akasema. "Si unajua watoto. Ni huyu hapa. Nilimkanya."

"Ulimkanya."

"Nilimkanya sana."

"Haya," akasema Bibi Galila.

Yustina alikuwa akitazama sakafu. Masikio yamemwiva. "Nisamehe, Bibi," akasema, polepole, na hakusema lingine.

Bibi akamsogezea sahani. "Kula. Una sikio zuri. Ila mwishoni umekosea, mimi naivuta zaidi."

Nashid akaisikia ile kama sumu iliyopakwa asali. Akamaliza chai yake ikiwa bado inaunguza, akaaga. Walitembea mpaka kwenye duka la mwoka mikate. Hapo Yustina akasimama.

"Baba, ulinikanya lini?"

Nashid akajifanya anaangalia magari yapite wavuke. Magari yakapita, wakavuka. Loo! Mtu mzima mwenye ndevu, ameuficha uso wake nyuma ya mtoto. Chakula cha mchana kilimshinda. Kila alipofumba macho alikiona kile kichwa cha Yustina kimeinama, na kila alipoyafumbua alimwona Yustina mwenyewe anamwaga maji bila kumtazama.

Jioni alikwenda kwa Abuna Bisenti. Akaanza kwa haraka, mikono inaruka: turudishe ibada moja, Abuna, Jumapili hii hii, wote saa mbili, wazee na vijana, benchi za mbele tuwaachie wazee, mimi nitatuma ujumbe...

"Vizuri," akasema Abuna. "Vizuri sana. Sasa niambie ulichokuja kuniambia."

Ndipo akaungama. Kicheko, "rudia", mpango, na ile ya asubuhi, ambayo ilikuwa ngumu kuliko zote. Abuna alisikiliza akikuna ndevu.

"Wewe, mwanangu, ukitenda dhambi unaleta mpango. Ukitubu unaleta mpango. Goti lako liko wapi? Nenda ukapige metania. Kwa mtoto kwanza, kisha kwa bibi. Paji la uso chini, useme nimekosa, nisamehe. Hiyo haina skrini."

Kwa Yustina aliipiga kabla usiku haujaingia, jikoni, kati ya ndoo na jiko la gesi, paji la uso kwenye sakafu yenye unyevu. "Nimekosa, nisamehe. Nilisema uongo na nikakubebesha wewe."

"Baba, inuka! Mama anatuona, jamani!" Mtoto alikuwa amechanganyikiwa, analia na kucheka. Kisha akauliza, "Na kwa Bibi?"

"Kesho."

Kesho yake ni Jumamosi. Ujumbe ukatumwa kwenye kundi la simu la wazee na kwenye kundi la vijana: ibada ni moja, saa mbili, wote. Vijana wakalalamika, wazee wakalalamika zaidi, kwa hiyo mambo yalikuwa sawa. Alasiri Nashid akaenda mpaka kichochoro cha Bibi Galila. Akawakuta majirani wameketi nje wanamenya vitunguu, wanawake na watoto, macho tele. Apige magoti mbele ya hawa? Akanunua machungwa, akarudi nyumbani na machungwa yake. Akajiambia alfajiri ni bora, kichochoro kitakuwa kitupu, nami nitamchukua moja kwa moja mpaka kanisani. Ngojangoja huumiza matumbo, lakini safari hii tumbo lililoumia halikuwa lake.

Alfajiri ilikuwa ya ukungu na baridi ya kukausha midomo. Nashid na Yustina hawakuwa wameonja hata maji tangu usiku, kama inavyompasa kila anayekwenda kupokea Mwili na Damu. Akagonga. Bibi Galila alipofungua tu, mjukuu wa ubatizo, au tuseme mwana, akaanguka chini pale pale kizingitini, paji la uso kwenye vumbi.

"Nimekosa, nisamehe. Aliyecheka ni mimi, Bibi. Aliyesema rudia ni mimi. Mtoto hana kosa. Na ibada niliigawa kwa sababu yako, niliionea haya sauti yako, nikawadanganya watu wote kuwa ni kwa faida yao."

Kisha akasikia kitu ambacho hakukitarajia: bibi anacheka.

"Kwa ajili ya kicheko? Inuka huko, unanifagilia kizingiti bure, ufagio ninao. Mimi mwenyewe nilicheka! Nilimwambia yule mtoto anionyeshe tena na tena. Kweli naimba kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Sikujua." Akamgeukia Yustina. "Baba yako amekuomba radhi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa paji la uso?"

"Jikoni."

"Basi hilo limekwisha. Hilo ndilo lililoniuma juzi. Hili la kicheko halikuniuma hata kidogo."

Nashid akainuka, vumbi puani. Moyo ulianza kupata nafuu, na kwa kweli angenyamaza hapo angebaki na nafuu yake. Lakini akauliza.

"Sasa kama hukukasirika, Bibi, mbona uliacha kuja?"

Bibi Galila akautengeneza mtandio wake.

"Nilikuja," akasema. "Ile ya alfajiri nilikwenda mara moja. Wakasema salimianeni. Nikageuka kulia, ni Fahima, haoni. Nikageuka kushoto, ni mama Tadros, hasikii. Nikasema, hapa hatusalimiani, hapa tunaagana. Jumapili ya pili yake nikaja saa mbili, na mfungo wangu, sijagusa maji. Mlangoni kuna kijana mzuri, ana utepe begani. Akaniambia kwa heshima zote: Bibi, yako ilikuwa alfajiri, imeshakwisha."

"Nani huyo? Kijana gani?"

"Utamfanya nini? Alikuwa anafuata alichoambiwa. Nikasema ngoja, Nashid yupo, ataniona. Na uliniona. Ulikuwa mbele kule unashughulika na kamera yako. Ukatazama mlangoni, ukanipungia mkono."

Nashid akakumbuka. Mungu wangu, akakumbuka yote. Bibi kasimama kwenye mwanga wa mlango, gauni jeusi, na yeye ana waya mdomoni, akampungia na kumchekea, akidhani ametoka kusali na wenzake anapita kusalimu. Alimpungia vizuri kabisa, kwa upendo. Halafu akarudi kwenye waya wake.

"Nikakupungia na mimi," akasema Bibi. "Nikarudi na njaa yangu. Nikakaa nikawaza, huyu nilimbeba mimi, nilimfundisha kanisa mimi. Labda nilimfundisha vibaya. Nikasema sitaenda kwa mtu kulalamika. Nitangoja mtu aone kwamba sipo."

Alikuja amebeba kosa moja, kumbe lililokuwa likimsubiri mlangoni ni jingine, kubwa kuliko lile, na hakuwa hata amelijua kwa jina. Kucheka, angalau alijua amecheka. Lakini miezi yote hii alikuwa akisimama kwenye salamu ya amani, anagusana viganja kulia na kushoto, na mkono uliomtoa majini ulikuwa nyumbani umeshika simu. Akalia. Akalia pale kichochoroni na wale majirani aliowakimbia jana wakafungua madirisha mmoja mmoja.

"Twende, Bibi," akasema. "Leo ibada ni moja. Wote pamoja. Benchi lako liko wazi. Twende ukakomunike."

Bibi Galila aligeuza kichwa akatazama ndani, mezani. Nashid naye akatazama. Glasi ya chai ilikuwa pale, imebaki nusu, inatoa moshi, na kando yake kipande cha mkate kilichoumwa.

"Ungeniambia jana, mwanangu," akasema.

"Tulituma ujumbe..."

"Kwa nani?"

Kundi la wazee hayumo. Kundi la vijana hayumo.

"Zamani Jumapili nilikuwa siwezi kuonja kitu," akasema Bibi. "Siku hizi sina pa kwenda, nikaanza kunywa chai mapema. Nakaa na simu yangu. Basi." Akamtazama Nashid usoni, akaona kinachoendelea pale, akampiga kofi dogo la shavu. "Usinililie tena, utanichelewesha. Nitakuja hivyo hivyo. Yustina, nipe viatu vile vyeusi."

Mlangoni mwa kanisa yule kijana wa utepe alikuwa amesimama, pengine ni yule yule, pengine siye. Bibi akasimama mbele yake na mgongo wake uliopinda.

"Mwanangu, leo yangu ni saa ngapi?"

Kijana akawa mwekundu, akasogea ukutani kama anataka kuingia ndani ya tofali. Bibi akamgusa kiganja, akapita.

Akakaa benchi la mbele, Yustina pembeni yake. Ibada ikaanza, na Bibi Galila akawahi, kama kawaida yake. Kwenye benchi za vijana mabega yakaanza kucheza. Lakini mara ya pili alipowahi, hakuwahi peke yake. Yustina aliingia naye sekunde ile ile, kidevu juu, akaivuta naye mpaka mwisho, na safari hii hakuna aliyejua kama acheke au anyamaze, kwa hiyo wakanyamaza, na mmoja wao nyuma akajaribu naye. Shemasi alipoita watu wasalimiane, Bibi alitoka kwenye benchi. Akawagusa wa nyuma yake na wa nyuma yao, akavuka njia ya katikati ambayo wanawake hawavuki, mpaka Abuna Bisenti akangoja na kitabu cha sala mkononi.

Kisha ikafika zamu ya kupokea. Watu wakavua viatu, wakapanga foleni, wazee kwa vijana. Foleni ya wanawake ilipita kando ya benchi la mbele, na Bibi Galila alikuwa amekaa, mikono mapajani.

"Bibi, huji?" akauliza wa kwanza, msichana mwenye mtandio wa maua.

"Nimekunywa chai, mwanangu. Uzee huu! Nilisahau kama leo Jumapili."

Nashid alikuwa mbele ya pazia la madhabahu na mshumaa mkononi. Alisikia.

"Bibi, tukupishe?"

"Piteni, piteni. Nimekunywa chai. Kichwa hiki, nilisahau kabisa."

Mama mmoja mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kijana mmoja upande wa pili akacheka kwa upole. "Jumapili nayo inasahaulika, Bibi?"

"Ngoja ufike umri wangu, utasahau na jina lako."

Kila aliyepita aliuliza, maana hatimaye walikuwa wamemwona. Na kila aliyeuliza alipewa jibu lile lile. Nashid akahesabu moyoni maneno ambayo bibi hakuyasema: sikuambiwa. Walinifukuza. Ni yule pale mwenye mshumaa. Mshumaa ukaanza kumdondokea nta kwenye vidole, hakuusogeza. Yustina akarudi kutoka kupokea, kitambaa mdomoni kama ilivyo desturi, akasimama kando ya bibi na kumtazama baba yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama tu, kama anayesubiri.

Nashid akaukabidhi mshumaa kwa mwenzake. Akashuka, akaenda mpaka kwenye benchi la mbele, akawageukia watu wa foleni.

"Hakusahau," akasema. "Mimi ndiye..."

Hakuendelea. Sikio lake lilikuwa limekamatwa. Vidole viwili, vikavu, vilevile vya benchi lile lile, vikamvuta chini mpaka uso wake ukawa karibu na mdomo wa Bibi Galila.

"Nyamaza," akamwambia. "Watu wanapokea. Ulishaniambia mimi, inatosha. Abuna anakusubiri, nenda."

"Siwezi, Bibi. Wewe umekaa hapa, mimi nitakwendaje?"

"Utakwenda kwa miguu. Unataka niwe nimefunga bure miaka yote ile kwa ajili yako? Jumapili ijayo tutakuja wote, Mungu akinipa. Nenda."

Akamwachia sikio. Nashid akatembea kuelekea madhabahuni, miguu mitupu, akijua kwamba Jumapili ijayo ni mbali sana kwa mtu wa umri ule. Nyuma yake akamsikia mtoto mwingine akiuliza, na Bibi Galila akamjibu kwa sauti ile isiyojua kunong'ona, ikakamatwa na kipaza sauti na kupelekwa mpaka ng'ambo, kwamba amekunywa chai.